Kiraka na "Ha" ya Dada Yake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una kelele hapo pembeni yako, ipunguze. Kama kelele yenyewe ni mtoto, mpe kitu atafune. Leo tunamkumbuka mtu ambaye kilio cha mwanao angekichukua bila kukuomba, akakikata vipande, na baada ya muda ungekicheza harusini huku umeinua mikono, hujui kwamba unamcheza mwanao.

Tunamkumbuka Fundi Kiraka. Fundi Kiraka amefariki. Ndiye aliyetengeneza wimbo wa "Tutakusahau". Najua unaujua. Hata kama hukulijua jina la fundi, wimbo unaujua, maana hakuna aliyeachwa na mpenzi, aliyefukuzwa kazi au aliyefungwa mabao uwanjani ambaye hajaimbiwa. Sauti ya mwanamke inaanza, ngoma inaingia kwa kishindo: Tutakusahau. Tutakusahau. Ndio huo huo.

Sasa, nilipompigia dada yake kumwambia tunaandaa kumbukumbu, aliniuliza swali moja. "Mtamsifu?"

Nikamwambia, dada, ni kumbukumbu, kusifu kidogo lazima.

"Mkimsifu nazima redio," akasema. "Na ya jirani naenda kuizima."

Sauti ya dada huyu ni ya kukwaruza, kama mtu anaburuta meza kwenye sakafu ya saruji. Nitawaeleza kwa nini. Lakini ombi lake nimelikubali. Sisi tuna tabia yetu tunaijua. Mtu akiwa hai ni msumbufu, ni kero, tunavuka barabara tukimwona. Akifa tu, ghafla anakuwa mcheshi, mpole, mpenda watu, hakuwa na makuu. Leo hapana. Leo tutamkumbuka Kiraka kama alivyokuwa.

Walizaliwa wawili tu. Dada wa kwanza, Kiraka kitindamimba. Mama yao alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi nguo za watu, chumba kimoja nguo, chumba kingine watoto, na mara nyingi nguo zilishinda zikaingia kote. Mama huyu alikuwa na kawaida moja. Akipiga pasi, anaguna. Mlio mmoja, hauna maneno, unapanda kidogo, unashuka, unakwenda na pasi. Watoto walilala wakiusikia na kuamka wakiusikia.

Mjomba wao alikuwa na kanda ya nyimbo za mapenzi, na aliipenda kuliko viatu vyake. Siku moja akamleta mchumba nyumbani. Akamkalisha, akaweka kanda kwenye redio, akakaa mkao wa kujisikia. Mwimbaji akaanza, polepole, mpenzi wa moyo wangu, tangu nikuone. Mchumba akainamisha macho. Mwimbaji akaendelea, mpenzi wa moyo wangu, na mara ikatoka sauti ya mtangazaji wa redio, nzito kabisa: "Amefariki dunia ghafla. Mazishi yatafanyika kesho."

Mchumba alishika mdomo. Mjomba alitoa kanda kwenye redio, akaiona imekatwakatwa kwa wembe na kuungwa kwa selotepu. Alitoka nje na kanda mkononi, akarudi na mkanda. "Umenitia viraka!" alikuwa anamchapa mtoto huku anapiga kelele. "Kanda yangu umeitia viraka!" Jina likamganda hapo hapo. Kiraka.

Na mama yao? Alicheka. Alicheka mpaka akaisahau pasi juu ya shati la mteja, likatoboka mgongoni.

"Mama ndiye aliyemharibu," dada mtu aliniambia. "Alicheka. Mtoto akichekewa mara ya kwanza, umeshampoteza."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza. Mafundi wa muziki huita sampo. Unachukua kipande cha sauti iliyokwisha kurekodiwa, ya mtu yeyote, unakitoa kilipozaliwa, unakipeleka kikafanye kazi kwingine. Na ukichukua nyimbo mbili nzima ukazilaza pamoja, huu uimbe, ule upige, Kiraka alikuwa na neno lake. Aliita kuozesha. "Leo nimeozesha nyimbo mbili," anasema, kifua mbele. Dada yake akisikia hujibu, "Kweli. Nasikia harufu zinavyooza."

Nisiseme alikuwa hajui. Alijua. Alikuwa hodari, na hii si sifa, ni taarifa, kwa hiyo dada usizime. Kiraka alikuwa akichukua pumzi ya mpiga tarumbeta wa bendi ya zamani, ile pumzi anayovuta kabla hajapuliza, anaiunga na cherehani ya dada yake, dada ni fundi wa kushona nguo, halafu chini yake anaweka kwikwi ya mtoto. Ukiambiwa hivyo unacheka. Ukiwekewa, kiuno kinakusaliti. Aliisikia sauti kama mchinjaji anavyomwona ng'ombe. Haoni ng'ombe, anaona paja, anaona ubavu.

Studio yake ilikuwa chumba juu ya duka la kinyozi. Ukutani trei za mayai na godoro kuukuu ili sauti isiruke. Kompyuta moja, spika mbili, feni ambayo hairuhusiwi kuwashwa kwa sababu inavuma, na kwa hiyo jasho. Kinyozi wa chini ndiye alikuwa rafiki yake pekee aliyebaki, na alibaki kwa sababu mkataba wa pango haukuwa umekwisha.

"Ukipiga chafya kwake," kinyozi aliniambia, "wiki ijayo unaikuta kwenye harusi. Mimi nilikuwa nikipanda ngazi nabana pua."

Aliwahi kuoa. Mtalaka wake yupo, ana duka la dawa, ana amani. Nilimuuliza waliachanaje. Akasema, "Nilipanga nguo zangu. Nikamwambia, mimi naondoka, sirudi, umenichosha. Akaniangalia kwa huruma kabisa, nikadhani atalia. Akasema, mke wangu, hebu rudia, lakini sogea karibu na kipaza sauti."

Ukarudia?

"Nilirudia. Nilikuwa na hasira, sikufikiri. Nimo kwenye wimbo gani sijui, sisikilizi muziki siku hizi."

Wasikilizaji wapendwa, sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Sogeza kiti.

Mama yao alifariki. Siku ya mazishi dada mtu alisimama mbele ya kaburi akaimba peke yake. Hakuna ngoma, hakuna kinanda. Aliuchukua ule mlio wa mama yao, ule wa kwenye pasi, akautia maneno: Mama, hatutakusahau. Wakati huo dada alikuwa na sauti ambayo watu wa mtaani walikuwa wakiizungumzia kama wanavyozungumzia maji ya kisima kizuri. Watu wazima walikaa chini kwenye udongo na nguo zao nzuri. Mama mdogo alikuwa na redio yake ya kaseti, anarekodi ili ampelekee ndugu aliyekuwa mgonjwa wa miguu akashindwa kusafiri. Na Kiraka naye alikuwa na kinasa sauti chake, mkono umenyooka kuelekea kwa dada. Kiraka hakulia. Alimwashiria mjomba apunguze kulia, maana alikuwa anaingilia.

Kwa hiyo kanda zilikuwa mbili. Ya Kiraka, na ya mama mdogo.

Miaka ikapita. Kiraka akawa na kompyuta. Siku moja akaikumbuka ile kanda, akaiweka, akasikiliza, nywele zikamsimama. Hata kinyozi chini alisikia, akazima mashine. Kiraka akaweka ngoma chini ya ile sauti. Haikukaa. Akaisogeza mbele, haikukaa. Akairudisha nyuma, haikukaa. Mwishowe akagundua tatizo liko wapi. Lilikuwa kwenye "ha".

Hatutakusahau. Dada aliitoa ile "ha" kwa pumzi ndefu, pumzi ya mtu anayejizuia kulia. Inachelewa. Ngoma inataka kuingia, "ha" bado iko mlangoni. Kiraka akaikata.

Hebu sema mwenyewe hapo ulipo. Hatutakusahau. Sasa toa "ha". Tutakusahau. Silabi moja tu, wasikilizaji. Lugha yetu iko hivyo, "hapana" yake imekaa mbele kabisa, mlangoni, na ukikata mlangoni unabaki na "ndiyo".

Kinyozi alimwambia. "Nilimwambia, we Kiraka, ukiitoa hiyo si maana inageuka? Akaniambia, kinyozi, watu hawachezi maana."

Na ni kweli, watu hawakucheza maana. Walicheza "Tutakusahau". Mkuu wa ofisi akihamishwa, wafanyakazi wanamwekea. Timu ikishuka daraja, uwanja mzima unaiimbia. Mwanamume akitoka mahakamani na talaka yake mkononi, wenzake wako nje na spika. Ulikuwa wimbo wa kumcheka aliyeanguka, na ulifaa, kwa sababu sauti ile ilikuwa na huzuni ya kweli ndani yake. Kejeli ikichanganywa na huzuni ya kweli inanoga vibaya sana.

Dada mtu aliusikia mara ya kwanza akiwa kazini. Alikuwa anampima mteja kifua, futi imezungushwa, pini mdomoni. Simu ya mteja ikaita. Kutoka kwenye mkoba ikatoka sauti yake mwenyewe, sauti yake ya kaburini, inamwambia mama yake kwamba watamsahau.

"Ulifanyaje?" nilimuuliza.

"Nilimchoma pini."

"Bahati mbaya?"

"Mwanzoni."

Akavaa viatu akaenda studio. Alipanda zile ngazi bila kubana pua. Mazungumzo yao kinyozi aliyasikia yote, alikuwa amesimama na wembe shingoni mwa mteja na wote wawili wametega sikio.

"Rudisha ha," dada alisema.

"Ha gani tena, dada?"

"Ha yangu. Umeninyofolea neno mdomoni."

"Inachelewa, dada. Ngoma haikai."

"Nimekuja hapa kuulizia ngoma?"

"Lakini watu wanaupenda! Sauti yako iko kila mahali."

"Ndiyo. Iko kila mahali inamwambia mama nitamsahau. Sikiliza wewe. Mimi nashona nguo za watu. Nikikata vibaya kitambaa cha mtu, siwezi kumwambia cherehani haikai. Rudisha."

Kiraka akakuna kichwa. Hakuwa mtu wa ugomvi, hilo nalo ni taarifa. "Sawa, dada. Kanda ipo. Nitairudisha."

Kanda ilikuwepo kweli. Aliitoa kwenye boksi, akaiweka, wakasikiliza wote wawili. Ikatoka sauti ya mashine ya kunyolea. Zzzz. Mwanzo mpaka mwisho, mashine ya kunyolea. Kiraka alikuwa amebakiza kwenye kompyuta kile kipande alichokihitaji tu, kuanzia kwenye "tu", kwa sababu nafasi ilikuwa finyu. Halafu, kwa kuwa ameshachukua nyama, akairekodia kanda ile mvumo wa mashine ya kinyozi. Kaburi la mama yake alilifuta kwa nywele za watu.

Dada aliinuka. Alishuka ngazi. Kinyozi anasema hata salamu hakuitika.

Ungedhani dawa ni rahisi. Aingie studio, aimbe tena, "ha" ipatikane. Na Kiraka alimwomba hivyo, si mara moja. Dada alikuwa bado anavuta hasira zake, akamwambia ngoja. Wakati anamngojesha, dada akaota uvimbe kooni. Akafanyiwa upasuaji. Upasuaji ulikwenda vizuri, mgonjwa alitoka, uvimbe ulitoka, na sauti nayo ikatoka ikaenda zake. Ikabaki hiyo ya kuburuta meza. Kuanzia siku hiyo, sauti ya dada ya kuimba ikawa inapatikana sehemu moja tu duniani, kwenye "Tutakusahau", na haina "ha".

Hapo ndipo Kiraka alipoanza kuitafuta kweli. Sijui kama ni majuto au ni ufundi. Dada anasema ni ufundi. Mtalaka anasema kwa Kiraka hivyo vilikuwa kitu kimoja.

Kwanza aliitafuta ndani ya neno lenyewe. Wajanja mmeshaiona: hata kwenye "sahau" kuna "ha". Akaikata hiyo, akaipachika mbele. Lakini "ha" ya katikati ya neno haifanani na ya mwanzo. Inakuja imechoka, inaburuta mkia. Alipomwekea dada, ilikuwa kama mwanamke anapiga miayo kwenye mazishi ya mama yake. Dada alimwambia atoke.

Akaenda kwa ndugu, nyumba kwa nyumba, anaomba kanda za zamani, za harusi, za sikukuu, yoyote yenye sauti ya dada. Kwenye kanda ya harusi ya mjomba, maana mchumba yule alirudi bwana, mapenzi ni kitu kingine, akaipata. "Ha" safi, ya mwanzo, ya pumzi, sauti ileile ya dada akiwa kijana. Akaikata. Akaipachika. Ikakaa! Ngoma ikakaa kama imezaliwa nayo. Kiraka akaruka ruka mpaka vumbi likamdondokea kinyozi.

Tatizo ni kwamba kwenye ile harusi dada alikuwa anacheka. Ilikuwa "ha" ya kwanza ya ha, ha, ha.

Sasa wimbo ukawa hivi. Ha! Tutakusahau. Ha! Tutakusahau. Mwanamke anasimama mbele ya kaburi la mama yake, anamcheka usoni, halafu anamwahidi kumsahau. Na Kiraka hakumwekea dada kwanza. Aliutoa, ukasambaa, ndipo akaenda kumwambia. "Nilitaka kujua watu watasemaje," alijitetea.

Watu walisema nini? Wewe unajua walisema nini. Toleo hilo ndilo ulilonalo kwenye simu yako.

Mwisho ndipo akakumbuka kwamba kaburini hata mama mdogo alikuwa anarekodi, akaenda kwake. Mama mdogo akamwambia, pole mwanangu, kanda yangu ilitafunwa na redio, utepe wote ukatoka kama utumbo. Anasema Kiraka alikaa kwenye ngazi za mama mdogo, akalia. Alipokufa mama yake hakulia. Alilia kwa kukosa "ha".

Mwaka huu figo zake ziligoma. Alilazwa kwenye wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na mlango. Dada yake alikwenda kumwona mara moja. Mara moja tu. Kiraka akafa siku chache baadaye, mchana, wauguzi wakibadilishana zamu. Fundi Kiraka, aliyetengeneza "Tutakusahau", alikufa bila kuipata ile "ha".

Mazishi yake yalikuwa na watu wengi, vijana wa muziki wote walikuja, na walikuja na spika. Jeneza lilipokuwa linashushwa wakawasha. Mnajua wimbo gani. Mnajua toleo lipi. Ha! Tutakusahau. Na wakacheza, wasikilizaji, pale makaburini, wakasema ndivyo angependa. Nadhani ni kweli angependa. Dada mtu aliomba kipaza sauti. Wakampa, wakidhani atashukuru. Kwa ile sauti yake ya kukwaruza akasema, "Zimeni. Zimeni. Nawaomba, zimeni."

Jioni yake kulikuwa na wimbo mpya mtaani. Zimeni, zimeni, nawaomba, zimeni. Ngoma inakaa vizuri sana. Wanafunzi wake wameiva.

Nilikwenda kumwona dada kwake, kwenye chumba cha kushonea. Nguo za watu zimening'inia ukutani, nusu zimekamilika, mikono imeshikizwa kwa pini. Nikamwambia tunatafuta ile sauti yake ya kaburini kwa ajili ya kipindi, na kwa vile kanda ya mama mdogo ilitafunwa na redio…

"Haikutafunwa," alisema.

Nikaweka kalamu chini.

"Ile ya kucheka ilipotoka, mama mdogo aliniletea kanda yake. Nzima, haina mkwaruzo. Mimi ndiye niliyemwambia aseme imetafunwa."

Alikuwa nayo. Wasikilizaji wapendwa, narudia ili anayekaanga jikoni asikose: dada alikuwa nayo. Siku ile Kiraka alipokaa kwenye zile ngazi analia, na muda wote uliofuata mpaka akaugua, kanda ilikuwa kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini za uzi na vifungo. Hatutakusahau, neno zima, na "ha" yake.

Nikamwuliza, dada, mtu anaumwa, anakufa, hukufikiria kumpa?

"Nilifikiria. Nilikwenda nayo hospitali. Ilikuwa kwenye mkoba." Akasimamisha cherehani kwa kiganja. "Nikamkuta amekaa kitandani, simu ameielekeza kwenye kitanda cha jirani. Kwenye kile kitanda alikuwepo mzee anakohoa. Anakohoa kile kikohozi cha mwisho, unakijua ukikisikia, na watoto wake wamemzunguka. Mdogo wangu anarekodi. Anatikisa kichwa. Na kidole kinagonga chuma cha kitanda, ta, ta-ta, ta. Akaniona, akanitabasamia, akaniwekea kidole mdomoni nisiongee."

"Ukafanyaje?"

"Nikafunga mkoba. Nikakaa naye kidogo, nikamlisha uji, nikarudi na kanda yangu."

"Lakini dada, ndiyo hiyo aliyokuwa anaitafuta miaka yote. Angeirudisha tu mahali pake."

Akaniangalia kama mteja aliyeleta kitambaa kifupi anataka gauni refu.

"Angeikata," akasema.

Nikamwomba basi atupe sisi. Tuipige hapa, leo, watu wasikie neno kamili kwa mara ya kwanza, mama yake apate haki yake. Akacheka, yaani alitoa hewa. "Nyie nanyi mngeikata. Nyie mna matangazo ya sabuni." Nikamwapia kwamba hatutaweka tangazo. Akasema nisijisumbue, hana tena. Alikuwa nayo mpaka asubuhi ya mazishi. Kabla jeneza halijafungwa aliomba abaki na mdogo wake peke yake, na akaiweka mle ndani, chini ya mkono wa kulia.

"Alikuwa anaitaka. Nimempa," akasema. "Wembe sikumwekea."

Nikamwuliza kama kuna nakala. Hakuna. Nikamwuliza kama anajua maana yake, kwamba hata yeye hataisikia tena sauti yake ikiwa nzima, wala ule mlio wa mama yao. Akasema anajua. Nikamwuliza kama inamuuma. Akasema inamuuma sana, akakanyaga cherehani, na mazungumzo yetu yakaishia hapo kwa sababu sikuweza kusikia kitu kingine.

Kwa hiyo hali ni hii, wasikilizaji wapendwa. Neno la kweli alilomwambia mama yake liko chini ya udongo, mkononi mwa mtu aliyelikata. Lililobaki huku juu, kwenye simu zenu, kwenye harusi zenu, kwenye viwanja vyenu, ni lile lingine. Na litaishi kuliko sisi sote, kwa sababu linachezeka.

Tunatoa pole kwa mama mdogo, ambaye kuanzia leo ataombwa na kila mtu aeleze kwa nini alidanganya. Tunatoa pole kwa mtalaka wa marehemu, ingawa alinituma niseme yeye yuko salama. Pole kwa kinyozi, chumba cha juu kiko kimya na anasema ukimya huo unamkosesha wateja. Pole sana, sana, kwako dada. Sijamsifu.

Na wewe uliyebaki na mimi mpaka hapa, hatufungi kwa wimbo leo. Nina ombi. Huo wimbo utausikia tena, pengine leo leo, dirishani mwa jirani au kwenye simu ya mtu kwenye foleni. Pale mbele pamekatwa, pakawekwa kicheko. Usicheze kwanza. Mfikirie mwanamke mmoja amesimama mbele ya kaburi la mama yake, anajizuia kulia. Halafu vuta pumzi, ndefu kama yake, uitie "ha" wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Ngoma itakuwa imeshaingia. Watu watakutazama, watasema umechelewa. Chelewa.